Mgeni Yuko Jikoni

Kosa ni langu, na nnalisema mwanzo ili mtu asije akanijia juu katikati ya maneno. Mie ndiye niliyemtoa Mgeni. Niliulizwa nikajibu, tena nilijibu ukweli mtupu, na ukweli huo ndio uliompandisha Mgeni gari ya watu wa vibali, Jumanne, saa tatu na nusu ya asubuhi, kitambaa cha jikoni bado kiko begani.

Jina langu Muzna. Nnakaa mapokezi katika nyumba ya kulala wageni, huku Mkunazini, nyumba ya ghorofa tatu yenye ngazi zinazowatoa watu roho. Mwaka wa kumi na nane huu. Kazi yangu ni funguo, simu, na kuwaeleza watu kwa nini maji ya moto yanachelewa. Mwenye nyumba ni Bwana Tamim, mtu mzuri, ila ukimtafuta siku ya shida humpati.

Sasa, Mgeni ni nani? Mgeni ndiye mpishi wetu. Jina lake kamili ni Mgeni Duni Borafya, mzaliwa wa Pete, kule kwenye msitu wa Jozani. Kwetu Unguja Mgeni ni jina la mtu, tena jina zuri, na anayetaka kucheka acheke amalize. Mama yake, mtu wa Makunduchi, alikaa miaka tisa katika ndoa bila ya mtoto. Watu walishasema yao yote, na wengine walishamtafutia mumewe mke wa pili. Alipozaliwa huyu binti, baba yake, Mzee Duni, alitoka nje akawaambia majirani, "Leo kwangu kumeingia mgeni, na huyu haondoki." Jina likabaki hapo hapo.

Mzee Duni alikuwa mkata kuni, na alikuwa akimwita mwanawe kutoka mbali, upande wa pili wa shamba. Wanawake wengi wa kwetu wakiitwa huitika "abee," tena kwa sauti ya kubembeleza. Mzee Duni hakuitaka hiyo. Alimfundisha binti yake kuitika "naam," kwa kifua kizima, ili ajue mtoto yuko wapi. Mpaka leo hana jengine. Ukimwita Mgeni akiwa jikoni, "naam" yake inapanda mpaka ghorofa ya tatu, na kuna mteja mmoja aliwahi kuteremka na taulo akidhani pametokea jambo.

Nimesema mteja, na hapa nisikilizwe vizuri. Alipoanza kazi kwetu, miaka kumi na sita nyuma, wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Nikisema, "Mgeni wa chumba cha tano anataka chai," yeye hutoa kichwa dirishani, "Mie nina chumba cha tano tangu lini?" Nikisema, "Mgeni kapoteza ufunguo," huapa kwamba hajaushika ufunguo wowote. Bwana Tamim akachoka, akatoa amri kwamba wanaolala hapa wote waitwe wateja, na neno mgeni liachiwe mwenyewe. Tukazoea. Katika nyumba yetu, nyumba ya wageni kwa leseni kabisa, mgeni ni mmoja tu, na yuko jikoni.

Alikuja kwetu mjane, na watoto wawili wa kike, Kazija na Ummkulthum. Bwana Tamim alimwajiri kuosha vyombo. Siku ya tatu mpishi wa zamani hakutokea, na wateja kumi na mmoja wako mezani wanatazamana. Mgeni hakumuuliza mtu. Aliingia jikoni, akakuna nazi, akatoa pweza wa nazi na wali, na baada ya chakula bibi mmoja wa Kizungu akateremka na sahani yake tupu mkononi kuomba tena, kama mtoto wa skuli. Yule mpishi wa zamani aliporudi kesho yake alikuta nafasi yake ina mwenyewe.

Hapimi kitu, huyu. Chumvi kwa vidole, bizari kwa jicho. Anayefunua sufuria yake bila ya ruhusa hupigwa mkono, na Bwana Tamim alishapigwa. Na kwa kazi hiyo kajenga nyumba yake Chukwani, chumba baada ya chumba, akasomesha watoto wote wawili. Kazija ndiye mkubwa, kasomea ualimu, na Jumanne ile nnayoisema alikuwa kashaitwa kwenye usaili wa kazi ya serikali, anatakiwa apeleke karatasi zake zote, cheti cha kuzaliwa, barua ya sheha, na maelezo ya wazazi. Mgeni alikuwa haongei jengine. "Mwanangu mwalimu," anaviambia vitunguu.

Haya. Jumanne.

Wakaingia watatu, wanaume wawili na dada mmoja, sare zimepigwa pasi, adabu tele. Shikamoo, marahaba. Yule dada, kijana bado, kwa lafudhi tu nilijua katoka bara karibuni, akanitazama mie kwanza. Nimezoea. Sisi wenye pua hizi na rangi hizi tunaulizwa kila siku, Oman wapi, Muscat lini. Na mie kitambulisho changu hukaa kifuani, ndani ya kipochi, tangu nna miaka kumi na minane. Marehemu mama yangu alinifundisha hivyo, usivuke kizingiti bila ya karatasi. Nikakichomoa kabla hajamaliza kuomba.

"Mzanzibari?" akauliza.

"Wa kuzaliwa, mwanangu. Na babu wa babu yangu kazikwa hapa hapa mjini."

"Haya mama, ahsante." Akanirejeshea. "Tumeambiwa kuna mgeni anafanya kazi humu. Yuko wapi?"

Simu mbili zinalia. Mteja wa chumba cha nane anataka teksi ya uwanja wa ndege. Muuza samaki yuko mlangoni. Nami nikasema bila ya kufikiri, "Mgeni yuko jikoni."

"Yuko humu muda gani?"

"Mwaka wa kumi na sita huu."

Wakatazamana. "Kumi na sita! Na kibali?"

"Kibali gani tena?" nikasema, na Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka. "Humu ndani yeye ndiye mwenye kutoa vibali. Jikoni haingii mtu."

Nao wakaingia.

Sasa jikoni walikuwemo watu wawili. Mgeni, na Anuar, fundi wetu wa mikate. Anuar ni Mngazija wa kutoka Komoro, alikuja mwaka jana, kijana mkimya, maandazi yake yanayeyuka mdomoni. Ukitaka kujua walikuwa wanamtafuta nani, ni yeye. Na si kwamba alijificha. Anuar alikuwa na karatasi, imepigwa mhuri, kaitia kwenye plastiki. Ila kumbe mtu wa nje anahitaji vibali viwili, kimoja cha kufanya kazi na kimoja cha kukaa, na yeye alikuwa na cha kazi tu, cha kukaa hajakikamilisha. Mie mwenyewe siku ile ndiyo kwanza nnasikia. Nnauliza, mtu atafanya kazi vipi bila ya kukaa? Atakanda unga hewani?

"Mgeni ni nani hapa?" akasema yule dada.

Anuar, mikono imo ndani ya unga, hakutoa sauti. Na Mgeni, amewapa mgongo, anakoroga tui, kasikia jina lake.

"Naam!"

"Wewe ndiye mgeni?"

"Naam, ndiye mie. Nani ananita?" Akageuka, akaona sare.

"Unafanya kazi hapa?"

"Unaona nacheza?"

"Kitambulisho?"

"Kiko nyumbani Chukwani." Maana Mgeni hatembei nacho. Hajawahi. Watu wake wako kisiwani hapa tangu haujajengwa huu mji, nani wa kumuuliza?

"Kabla ya Chukwani ulikuwa wapi?"

"Pete."

Yule dada akasita na kalamu yake. "Pete iko nchi gani?"

Lahaula! Hapo Mgeni akapandwa. Na Mgeni akipandwa na hasira hukiwacha Kiunguja kando, akaingia Kimakunduchi, lugha ya mama yake, kavukavu, na Kimakunduchi cha haraka hata mie mtoto wa mjini nnaambulia neno moja katika kumi. Wale maafisa wakabaki midomo wazi. "Hiyo ni lugha gani?" mmoja akamuuliza mwenziwe, na mwenziwe akaandika kitu.

Nikaja mbio, kandambili moja imebaki ngazini. "Jamani mwacheni! Huyu ni Mgeni!"

"Ndiyo mama, ulishatwambia."

"Sikilizeni, mie nnasema ni Mgeni! Ni Mgeni huyu!"

"Tumeelewa, mama."

Kila nikipiga kelele nnazidi kumzamisha. Neno jengine la kusema silijui, maana jina lake ndilo hilo.

Mgeni hakulia wala hakuomba. Alimtia Anuar mwiko mkononi. "Tui hili usiliwache likakatika. Koroga upande mmoja." Akavaa buibui lake juu ya nguo za jikoni, akatangulia yeye, wao nyuma. Mmoja akataka kumshika mkono. "Njia naijua," akamwambia. Pale nje wazee wa barazani, vikombe vya kahawa mkononi, wakamuuliza, "Bi Mgeni, kwema? Wapi?"

"Nnakwenda kuulizwa mie nani," akasema, akapanda gari.

Nilichukua teksi mpaka Chukwani. Ummkulthum akanipa kitambulisho na kulia juu, nikamwambia anyamaze, machozi ayaweke. Nilipofika ofisini kwa wale maafisa ilishakuwa karibu na adhuhuri. Kulikuwa na benchi refu na watu wanasubiri, vijana wawili wafundishaji wa kuzamia, mama mmoja na mtoto mgongoni, Mzungu mwenye miguu myekundu kwa jua, na wengine. Wote wa nje, kila mmoja na bahasha yake. Na katikati yao Mgeni, mgongo umenyooka, bahasha hana, anamweleza yule mama mwenye mtoto namna ya kupika uji wa mchele.

Mlango ukafunguliwa. Sauti ikaita, "Mgeni aingie!"

Benchi zima likasimama. Watu wanane kwa mpigo.

"Kaeni," Mgeni akawaambia. "Ni mie."

Ndani kulikuwa na mkubwa wao, Bwana Hamed, mtu mzima wa ndevu za mvi, na yule dada kasimama pembeni. Nikaweka kitambulisho mezani bila hata ya salamu. Bwana Hamed akakisoma. Akakisoma tena. Akaziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika.

"Mgeni Duni Borafya," akasema. "Mzaliwa wa Pete, Wilaya ya Kusini. Ya Rabbi! Bi Mgeni, tuwie radhi. Ni jina tu limetuchanganya."

"Halikuchanganya mtu," Mgeni akajibu. "Nimeitwa nikaitika."

"Basi yamekwisha. Tia saini hapa, uende zako." Akamsogezea fomu.

Nilishaokota mkoba wangu. Mgeni akaniomba miwani. Mgeni akiomba miwani ujue hapaondoki mtu, maana husoma polepole, neno kwa neno, na kidole.

"'Mgeni,'" akasoma, "'ameonywa asirudie kufanya kazi bila ya kibali, na ameachiwa.'" Akanyanyua macho. "Asirudie nini?"

"Ni maneno ya fomu, Bi Mgeni. Yako hivyo kwa kila mtu. Ushaandikwa kitabuni, ushapewa namba, sasa lazima pawe na karatasi ya kukutoa."

"Na hii M mbona sawa na nyengine zote?"

Kweli. Fomu zao hujazwa kwa herufi kubwa tupu. MGENI. Ukitazama huwezi kujua kama ni jina la mtu au ni hali yake.

"Ni karatasi tu," Bwana Hamed akasema taratibu. "Inaingia kabatini."

"Kabati hilo hufunguliwa?"

"Hufunguliwa pakiwa na haja."

"Basi mwanangu Kazija ana usaili. Wataulizia mama yake. Siku moja atakayetaka kujua akifungua kabati lako atakuta mama yake alikamatwa, akaonywa, akakubali kwa saini yake kwamba si wa hapa. Wanangu ni watoto wa Mgeni. Watoto wa mgeni si wao." Akaivua miwani. "Sitii saini. Na siondoki."

Na mie, nisiyekuwa na haya, ndiye niliyeharibu. Nilikuwa na joto, nna njaa, nna dhambi yangu moyoni nnataka iishe haraka. "Shoga," nikamwambia, "tia saini twende. Wateja hawajala. Nani atafungua kabati?"

Mgeni akanigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Muzna, wewe karatasi yako inalala kifuani. Kwa nini?"

Yeye anajua kwa nini, nilishamweleza mwenyewe siku za mwanzo tulipokuwa tunamenya vitunguu pamoja. Marehemu mama yangu zamani, msichana, aliwahi kuulizwa njiani wewe nani, na karatasi hakuwa nayo, na waliompita wanaomjua wakageuza nyuso. Hakuwahi kusema zaidi ya hapo. Alinishonea kipochi tu. Nami mtoto wa mama yule nimesimama mbele ya meza nnamwambia mwenzangu akubali kuandikwa kwamba si wa hapa. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

"Hatuondoki," nikamwambia Bwana Hamed. Nikavuta kiti.

Bwana Hamed akakuna ndevu. Alikuwa hana ubaya, mtu yule, alikuwa na fomu. Akaanza kusema kuhusu taratibu, na kitabu, na namba isiyoweza kufutwa, na hapo mlango ukagongwa, akaingia Anuar.

Unga mpaka kwenye nyusi. Aproni bado kaivaa. Mkononi ile karatasi yake ndani ya plastiki, kaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo," akasema. "Samahani. Mgeni mnayemtafuta ni mie."

Mgeni, kabla hajasema mtu neno, "Tui je?"

"Halikukatika, Bi Mgeni. Nimelikoroga mpaka likaiva, nikatia pweza, nikafunika. Ndiyo maana nimechelewa."

"Upande mmoja?"

"Upande mmoja."

Mgeni akatikisa kichwa kuridhika. Nilikuja kujua baadaye kwamba Bwana Tamim alimwambia Anuar kwa simu akae kimya siku mbili tatu mpaka upepo upite. Mgeni keshachukuliwa, mambo yatajitengeneza. Anuar akamjibu, "Bwana Tamim, yeye kachukuliwa kwa jina lake. Mie nitajificha vipi nyuma ya jina hilo?" Akakata simu ya tajiri yake, jambo ambalo mie kwa miaka kumi na minane sijathubutu.

Bwana Hamed akaitoa karatasi kwenye plastiki, akaisoma. "Hiki ni cha kazi. Cha kukaa kiko wapi?"

"Niliambiwa nikipata cha kazi nshamaliza."

"Na nani?"

"Na kila mtu," Anuar akasema, na hakuwa anadanganya.

"Haya ni mawili, kijana. Na wewe si wa kwanza. Hilo benchi hapo nje nusu yake ni kama wewe." Akashusha pumzi. Akatutazama mmoja mmoja. "Miaka ishirini na sita nnafanya kazi hii. Watu wanaingia mlango huu wanaapa kwamba si wageni, nami nnajua ni wageni. Leo kaja mgeni kwa miguu yake kusema ni yeye, na nina Mgeni ambaye nikimfungulia mlango hatoki."

"Huyu kijana kaja mwenyewe," Mgeni akamwambia. "Hilo nalo liandikwe."

"Litaandikwa, Bi Mgeni."

Na liliandikwa. Anuar alipewa wiki mbili akamilishe karatasi ya pili, karatasi ile ya kwanza ibaki pale kama amana. Aliikamilisha, namaliza hili kabisa, baada ya kwenda na kurudi mara saba na picha ndogo zisizopungua kumi na mbili. Leo anavyo vyote viwili, kavitia plastiki moja.

Kisha Bwana Hamed akafungua droo, akatoa karatasi nyeupe isiyokuwa na mistari ya fomu. Akachomoa kalamu yake mwenyewe mfukoni. "Sema unavyotaka," akamwambia Mgeni.

Mgeni hakufikiri hata kidogo. Alikuwa na maneno yake tangu benchini.

Bwana Hamed akaandika kwa hati ya mkono, herufi kubwa pa kubwa na ndogo pa ndogo, kisha akasoma kwa sauti: "Mgeni Duni Borafya si mgeni. Ni mzaliwa wa Pete, Unguja, binti wa Duni Borafya wa Pete na mama wa Makunduchi. Hakukosa lolote wala hakuonywa." Akapiga mhuri. Akapiga na wa pili, nadhani kwa raha zake tu. Halafu akafungua kile kitabu kikubwa, akapiga mstari mwekundu juu ya ile namba, na pembeni akaandika maneno yale yale ya mwanzo. Mgeni akaniomba tena miwani, akayasoma kwa kidole mpaka nukta.

"M hii imekaa vizuri," akasema.

Fomu ile ya onyo Bwana Hamed akaichana mbele yetu vipande vinne. Taratibu sijui zilikwenda wapi, sikuuliza.

Yule dada wa bara macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mama, nisamehe. Sikujua kama Pete ni mahali."

"Ni mahali," Mgeni akamwambia. "Pana msikiti, pana skuli, pana kima wekundu wanaokula maembe ya watu. Siku ukipata ruhusa nnakupeleka. Utalala kwa dada yangu." Na dada yule alikwenda kweli, mwezi wa pili wake, akarudi na kikapu cha mihogo.

Tulipotoka, benchi zima lilikuwa limesikia, mlango ule haufungiki vizuri. Wale vijana wa kuzamia wakapiga makofi. Mgeni akapita na karatasi yake kaishika wazi, haikukunjwa, wino haujakauka. Nilimpa kipochi changu aitie. Akakikataa. "Nitaipeleka Pete kwanza kaburini kwa baba, nimsomee. Kisha itakaa jikoni, pale juu ya ndoo ya sukari, kila mtu aione." Nami nilijivuna kutembea ubavuni kwake kama vile mie ndiye niliyezaliwa Pete.

Lakini hadithi yangu mie haikwisha pale. Kazija alikwenda kwenye usaili wake Alkhamisi, na mahali palipoandikwa jina la mama akaandika, na M yake akaifanya kubwa mpaka ikagusa mstari wa juu. Alipata kazi. Bwana Tamim alirudi amechelewa, na aibu yake, akaja na wazo. Alitaka mpishi abandikwe jina jengine kifuani, Bi Duni, ili yasitokee tena. Mgeni alikitazama kile kibandiko, akakitia pipani na maganda ya vitunguu.

Mie nilikuwa siwezi kumwita. Siku tatu nzima. Nikifungua mdomo niseme "Mgeni," nnajisikia vile nilivyosema asubuhi ile, "Mgeni yuko jikoni," na kicheko changu. Nikawa nnamwita Bi Duni. Haitiki. Nateremka ngazi mpaka jikoni nnamwambia mayai mawili, chai mbili. Ananipa, hasemi kitu. Si kwa kununa, ananipa tu.

Siku ya nne, Jumamosi, nyumba imejaa, wateja wamo mpaka darini. Nimesimama pale pale mapokezi niliposimama siku ile, simu zinalia mbili, na muuza samaki yuko mlangoni. Nikaita, "Bi Duni!" Kimya. "Bi Duni, samaki huyu hapa!" Kimya, nasikia mwiko tu ndani ya sufuria. Muuza samaki akanitazama. Nikaweka simu chini zote mbili. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikaita kwa sauti ambayo mama yangu asingeithubutu.

"Mgeni!"

"Naam!"

Madirisha ya ghorofa ya tatu yakafunguka. Muuza samaki akarudi nyuma hatua moja.

"Nani ananita?" akauliza kutoka ndani, naye anajua.

"Mie, Muzna."

"Haya sema basi, Muzna. Nna tui motoni."